Kupanda Menengai peke yako msimu wa vuli, kichwa kikiwa kimejaa

Muhula wa tatu ukifika katikati, huwa siko sawa. Madaftari ya kusahihisha yamerundikana mezani, watahiniwa wana wasiwasi na wasiwasi wao unanihamia, nyumbani kuna karo ya mdogo wangu na simu za chama zisizoisha. Usingizi unakuwa wa vipande vipande. Naingia jikoni nasahau nilichofuata. Mimi ni mwalimu hapa Nakuru, na kwa miaka kadhaa sasa dawa yangu imekuwa moja: nachagua siku ya Oktoba au mwanzo wa Novemba, naamka alfajiri, napanda Menengai, mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu, kwa miguu, peke yangu, na nashuka kabla mvua haijaanza.

Huko Ulaya vuli ni majani kubadilika rangi na kupukutika. Kwetu vuli ni mvua fupi, Oktoba hadi Desemba, na kinachopukutika Nakuru ni maua ya mijakaranda. Ukipita Milimani asubuhi na mapema unayakanyaga, zambarau tupu kando ya barabara. Vumbi la kiangazi limeshaoshwa, hewa imepoa, ziwa linaonekana safi kutoka juu. Hakuna wakati mzuri zaidi wa kupanda mlima huu. Hakuna pia wakati unaotaka upange saa zako kwa uangalifu zaidi, na kupanga saa ndiko nitakakokaa nako sana hapa chini.

Kabla ya yote

Jiulize kwanza kichwa chako kimejaa nini. Uchovu, hasira, kelele za kazi, uamuzi unaouzungusha usiku kucha bila kufika popote: hayo yote hupungua ukitembea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Waliwatembeza watu dakika 90, wengine katika eneo la nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliotembea penye miti walirudi wakiwa wamepunguza ule mtindo wa kuzungusha mawazo mabaya juu ya nafsi zao. Wa barabarani hawakupata nafuu hiyo. Niliposoma habari hiyo nilishukuru kujua kwamba ninachokipata Menengai si mimi tu ninayekihisi.

Lakini kama unachobeba ni mawazo ya kutoendelea kuishi, usiende huko peke yako. Menengai ina kuta za mawe zinazoshuka ghafla, na upweke wa pale juu haufai mtu aliye katika hali hiyo. Mwambie mtu wa karibu leo, au piga 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya, isiyotozwa pesa. Mlima utakungoja. Nenda siku nyingine, ukiwa na mtu.

Siku, na saa ya kugeuka

Wengi huchagua siku wakaishia hapo. Mimi nakuomba uchague vitu viwili: siku ya kwenda, na saa ya kugeuka.

Siku kwanza. Jumapili mchana na sikukuu kama ya Mashujaa, Oktoba 20, pale juu hujaa familia, vikundi vya vijana na muziki. Ni raha yao, ila kichwa chako hakitapata nafasi. Katikati ya wiki ni kinyume chake: njia inaweza kuwa tupu kabisa, na mtu aliye peke yake, hasa mwanamke, hafai kuwa kwenye njia tupu ya msitu. Menengai imewahi kuwa na visa vya watembeaji kuporwa. Jumamosi asubuhi ndiyo niliyoizoea mimi. Kuna wakimbiaji, kuna watu wawili watatu wanaofanya mazoezi, unasalimiana nao kisha kila mmoja anashika njia yake. Unakuwa peke yako, lakini kuna macho.

Sasa saa ya kugeuka. Elewa mvua ya vuli hapa kwetu inavyokuja. Asubuhi jua hupiga sakafu ya Bonde la Ufa, ardhi inapata joto, hewa yenye unyevu inapanda. Inapopanda inapoa na kuwa mawingu, na mawingu hayo hujikusanya juu ya sehemu zilizoinuka: Mau upande wa magharibi, Bahati upande wa mashariki, na Menengai yenyewe. Kufikia saa nane au saa tisa mchana mzigo umeiva, unamwagika. Ndiyo maana asubuhi ya vuli inaweza kuwa nyeupe kabisa na jioni yake ikawa ya ngurumo. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wazee, na ukingoni mwa Menengai una bahati ya kuyaona yakijengeka kilomita nyingi kabla hayajakufikia. Anayelowa pale juu ni yule aliyeyaona akaamua kukaa.

Nasema hivyo kwa sababu niliyaona nikakaa. Mara yangu ya kwanza kwenda peke yangu sikumwambia mtu. Nilitoka nyumbani saa tano, nikafika juu karibu saa nane, na upande wa Mau kulikuwa tayari kumefunga. Nikajiambia ngoja kidogo, kichwa bado hakijatulia. Saa tisa ikashuka mvua ya mawe. Ile njia ya vumbi laini niliyopanda nayo ikageuka mfereji wa tope la kijivu, nikateleza na kuanguka mara mbili, simu ikalowa ikazima. Niliibuka barabarani giza likiingia, nikitetemeka, na mama mmoja aliyekuwa akifunga kibanda chake akanivuta ndani karibu na jiko la makaa, akanipa chai bila kuniuliza jina. Nyumbani nilimkuta dada yangu amekaa mlangoni akilia. Kichwa nilichokuwa nimeenda kukipumzisha kilirudi kizito kuliko kilivyotoka.

Tangu siku hiyo saa ya kugeuka naiandika kwa kalamu kwenye kiganja kabla sijatoka. Ratiba yangu ni hii: kuanza kutembea saa kumi na mbili na nusu, maana Oktoba jua hapa huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili na robo. Kufika ukingoni saa tatu au karibu na hapo. Kugeuka saa tano, hata kama mbingu ni bluu, hata kama bado sijajisikia vizuri. Kuwa mezani nyumbani saa saba. Ukiwa mwepesi kuliko mimi rudisha saa nyuma. Usiisogeze mbele.

Na kuna jambo ambalo sikulitegemea. Saa hiyo iliyoandikwa kiganjani ndiyo inayokitua kichwa. Ukijua unaondoka saa tano, huhitaji tena kujiuliza kila dakika kama umepumzika vya kutosha. Swali moja limeondolewa, na kumbe lilikuwa linachukua nafasi kubwa.

Mtu mmoja ajue

Mmoja anatosha, bora awe mtu atakayejibu simu na asiyeogopa kukusumbua. Mimi humtumia dada yangu ujumbe jioni ya kuamkia safari, maneno haya haya kila mwaka:

“Kesho naenda Menengai kwa miguu. Naanza saa kumi na mbili na nusu, napitia Milimani. Nimevaa koti jekundu. Nageuka saa tano. Saa nane ikifika hujanisikia, nipigie. Saa tisa hujanipata, piga 999 au 112, uwaambie nilipo.”

Anajibu “Sawa dadangu, uchunge miguu,” basi. Ujumbe unaosema tu “nakwenda matembezi” haumsaidii mtu kukutafuta. Weka njia, rangi ya nguo na saa mbili: ya kukupigia, na ya kuomba msaada.

Usiweke picha mtandaoni ukiwa bado juu. Yeyote anayetaka kujua uko peke yako wapi atakuwa amejua. Zitume ukishafika nyumbani.

Begi

Liwe dogo, libane mgongoni, mikono ibaki huru.

Maji lita mbili, kwa sababu njiani hakuna pa kujaza. Yatie kwenye chupa ya chuma au ile ngumu ya kutumia tena na tena: tangu Juni 5, 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika mbuga, fuo na misitu ya hifadhi, na chupa ya maji ya dukani ni mojawapo. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017, kwa hiyo chakula kifunge kwa kitambaa au kwenye kikopo. Chakula chenyewe kiwe cha kawaida. Viazi vitamu vilivyochemshwa usiku, mayai mawili, ndizi, njugu kiasi. Viazi vitamu vikiliwa baridi kwenye upepo wa pale juu vina ladha ambayo sijaipata mezani popote.

Koti la mvua, hata kama utabiri unasema kutakuwa na jua. Sweta, kwa maana alfajiri ya Nakuru ni baridi na ukingoni upepo haukomi. Kofia. Leso moja, ya kukalia, kujifunika, kufuta jasho, kufunga kifundo kikiteguka. Filimbi, ining'inie shingoni badala ya kulala ndani ya begi: mlio wake hufika mbali kuliko sauti yako, na milio mitatu ikirudiwa ni wito wa msaada unaojulikana na wengi. Simu iliyojaa chaji, ndani ya kitambaa kikavu na kisha ndani ya kikopo. Kitambulisho. Salio kwenye M-Pesa la kulipia kuingia, maana huu ni msitu wa serikali chini ya KFS, shirika la misitu la Kenya, na malipo ya serikali siku hizi hupita kwenye simu, na noti chache za bodaboda endapo mguu utakataa.

Viatu ndivyo vya kufikiriwa sana. Udongo wa Menengai ni jivu la volkano, mwepesi, laini. Husemwa hata jina Nakuru lilitoka kwenye neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Udongo huo ukiwa mkavu unakuwa kama unga chini ya soli, ukilowa unateleza. Raba zenye soli iliyolika zitakuangusha. Vaa zenye meno, ulizokwisha kutembea nazo mjini, na soksi zinazofika juu ya kifundo.

Daftari dogo na kalamu. Nitakuambia ya nini.

Njia ya kupanda

Kutoka katikati ya jiji hadi pale juu pa kutazamia ni kilomita nane au zaidi kidogo, kutegemea unakoanzia. Unapita Milimani, nyumba zinapungua, barabara inaanza kuinuka kati ya mikaratusi, kisha inaingia eneo la msitu. Jiji lenyewe liko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na kilele cha Menengai ni mita 2,278, kwa hiyo unapanda mita mia nne na kitu. Hakuna pa kushika kamba wala kutambaa. Ni mwinuko wa taratibu, mrefu, unaokudai pumzi. Ukitaka kuokoa nguvu panda bodaboda hadi msitu unapoanzia, uanze kutembea hapo. Mimi napenda kuanzia mlangoni kwangu, kwa sababu napenda kuuona mji ukiamka: mama wa mandazi akiwasha jiko, makondakta wakiita, kisha taratibu kelele zinabaki nyuma na unaanza kusikia soli zako.

Getini salimia, jiandikishe, sema wazi kwamba uko peke yako na unatarajia kushuka saa ngapi. Mara ya mwisho askari aliniuliza, “Madam, hauogopi?” Nikamwambia naogopa kidogo, ndiyo maana nimekuja kukuambia. Akanipa nambari yake ya zamu, akaniambia vichaka vipi nisipite. Dakika tano hizo zina faida kuliko kifaa chochote begini.

Kaa kwenye barabara na njia kuu. Ukiona njia ya mkato iliyoingia kichakani iache, hata kama inaonekana kufupisha. Ukihisi mtu anakufuata, simama mahali pa wazi, piga simu kwa sauti, ngoja wapandaji wengine wafike, au geuka urudi getini. Huna haja ya ushahidi ndipo ugeuke.

Mwendo uwe wa kuweza kuongea. Mimi hujipima kwa kuhesabu kwa sauti kama darasani. Nikifika ishirini bila kukatika pumzi, mwendo ni sawa. Mwenda pole hajikwai, na kwenye jivu lile methali hiyo ni maelezo kamili ya namna ya kuweka mguu.

Nusu saa ya kwanza

Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa hiyo nikae hapa kidogo.

Unatoka nyumbani ukitarajia utulivu, na kwa nusu saa ya kwanza kichwa kinapiga kelele kuliko ulipokuwa kitandani. Yote uliyoyafunika kwa kazi yanatoka pamoja. Ugomvi wa wiki iliyopita, neno ulilopaswa kumjibu fulani, deni, mtoto aliyefeli. Unaanza kufikiri umepoteza asubuhi yako. Hujapoteza. Kwa siku nyingi umekuwa ukikikatiza kichwa chako kila kinapotaka kusema, na sasa kimepata mtu wa kukisikiliza. Kiache kiseme. Usibishane nacho, usikitafutie majibu, wala usizibe masikio kwa muziki. Muziki masikioni ni hatari pia njiani, kwa kuwa hutasikia pikipiki wala mtu nyuma yako.

Ninachofanya ni kuyapa mambo miguu. Hatua ya kulia, nasema moyoni jina la jambo. Hatua ya kushoto, naliacha. Karo. Naiacha. Mkutano. Nauacha. Si kwamba nimeyatatua, nimeyataja tu na kuendelea. Mwinuko ukikaza, mahali fulani kilomita ya tatu au ya nne, pumzi inachukua nafasi ya maneno. Mwili una kazi, na kichwa hakina budi kuufuata. Utajua umefika hapo utakapogundua kwamba kwa dakika kadhaa umekuwa ukitazama tu kitu kilicho mbele yako: pimbi juu ya jiwe, tumbili wakivuka barabara, buibui aliyetanda utando wake kati ya vijiti viwili na umande haujakauka.

Kuna kichaka cha rangi ya fedha utakachokiona zaidi unapokaribia juu, leleshwa. Chuma jani moja, lisugue kati ya vidole, vuta harufu. Ina ukali wa kafuri, inafungua pua na kifua. Mimi huweka jani mfukoni na kulinusa kila mawazo yanaporudi mbio.

Kama kuna swali moja kubwa ulilopanda nalo, lishike kwa mkono mmoja tu. Mwaka nilipokuwa nikiamua kama nihamie shule nyingine nilikuwa nimejiapiza nitashuka na jibu. Sikushuka nalo. Nilishuka na usingizi, na jibu lilikuja Jumatano iliyofuata nikiwa nafua nguo.

Ukingoni

Miti inaisha, upepo unakupiga usoni, na ardhi iliyo mbele yako haipo tena.

Menengai ni volkano iliyoanza kujijenga yapata miaka 200,000 iliyopita. Miaka kama 8,000 iliyopita tumbo lake lilijimwaga nje kwa milipuko, na sehemu ya juu, iliyokosa kitu cha kuishikilia, ikatitia ndani. Shimo lililobaki lina upana wa kilomita 12 kwa 8, na kuta zake mahali pengine zinashuka zaidi ya mita 400. Sakafu yake ni mawe meusi ya lava iliyoganda, vichaka vikiota katikati, na hapa na pale mvuke mweupe. Sehemu ya mvuke huo hutoka kwenye visima vya kuzalisha umeme, ambavyo uchimbaji wake ulianza 2011. Geuka nyuma, upande wa kusini, jiji lote liko chini yako na Ziwa Nakuru limelala nyuma yake, ziwa lililopanuka sana tangu miaka ya 2010 hadi likameza lango la zamani la mbuga.

Jina Menengai hutafsiriwa mahali pa wafu. Masimulizi ya Wamaasai yanasema katika vita vya karne ya 19 kati ya makundi mawili ya Kimaasai, Ilpurko na Ilaikipiak, wapiganaji wengi wa Ilaikipiak waliangamia ukingoni hapa. Nikikaa pale huwa nawakumbuka. Kuna watu pia wanaopanda kwenda kusali na kufunga katika mapango ya humu, na upepo ukigeuka unaweza kusikia nyimbo zao kabla hujaona mtu. Usiwapige picha. Pita kimya.

Tafuta jiwe lililo mbali na ukingo, angalau urefu wa watu wawili, kwa kuwa udongo wa pembeni ni mlegevu na hasa baada ya mvua ya jana unaweza kumeguka. Tandika leso. Kunywa maji, kula. Vaa sweta kabla hujahisi baridi, maana jasho la kupanda hupoa haraka.

Halafu kaa dakika ishirini bila kushika simu. Ishirini kamili. Dakika tano za mwanzo mkono utaitafuta wenyewe. Tazama upande wa mbali wa shimo, ule ukuta wa kilomita kumi na kitu, kwa sababu macho yetu wiki nzima yamekuwa yakitazama vitu vya urefu wa mkono. Mara nyingi utaona tai au mwewe akizunguka chini yako, na kumtazama ndege kwa juu ni jambo linalonyamazisha kila kitu.

Baada ya hapo toa daftari. Andika mistari mitatu, usizidishe: kinachonichosha zaidi ni nini, kipi kati ya hayo ni changu kweli, na kitu kimoja nitakachokiacha kuanzia Jumatatu. Mwaka jana nilipofika mstari wa pili niligundua kwamba nusu ya mzigo niliokuwa nikiubeba ulikuwa wa mwalimu mwenzangu aliyekuwa hata hajaniomba niubebe.

Kushuka ndani ya kreta, yaani lile shimo, usijaribu ukiwa peke yako. Ukiwa juu kunaonekana karibu na rahisi. Chini njia zinagawanyika, vichaka vinaficha ukuta uliotokea, lava inakuzuia unazunguka, na joto la saa sita pale chini ni jingine kabisa. Siku ukitaka kushuka, nenda na kikundi na mwenyeji anayezijua njia.

Saa tano ikifika

Simama. Kama mambo yamekuwa mazuri itakuwa vigumu kuondoka, na kama hayajawa mazuri utataka kuongeza muda. Kwa vyovyote, simama.

Tazama pande zote nne kabla hujaanza kushuka. Wingu lililopanda kama koliflawa, likawa jeusi chini, linamaanisha usipumzike njiani. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo. Sauti huchukua sekunde tatu hivi kwenda kilomita moja, kwa hiyo ukihesabu tisa, radi iko kilomita tatu kutoka kwako. Ikiwa chini ya sekunde thelathini uko ndani ya hatari tayari: ondoka ukingoni, usisimame chini ya mti ulio peke yake wala karibu na mlingoti wa chuma, shuka hadi penye jengo au gari. Ukikosa kabisa pa kwenda, chuchumaa penye bonde dogo, miguu pamoja, usilale chini. Watu wa Kisii na Kakamega hawahitaji kuambiwa radi ni nini. Sisi wa Nakuru huwa tunaisahau.

Kushuka huumiza magoti kuliko kupanda. Hatua fupi, magoti yalegee, kisigino kizame kwenye vumbi. Getini mwambie askari umetoka.

Ukiwa Kisumu au Naivasha

Mpango huu unahamishika. Wa Naivasha ana Longonot, mita 2,776, ambako njia iko moja na wazi: kilomita 3.1 kutoka langoni hadi ukingoni, na 7.2 kuuzunguka ukingo wote, ingawa kwa safari ya kutuliza kichwa kufika ukingoni na kukaa kunatosha kabisa. Wa Kisumu anaweza kupanda matatu ya Kakamega, ashukie Khayega, aende hadi msitu wa Kakamega upande wa Isecheno na kupanda kilima cha Lirhanda. Huko ukimya ni wa aina nyingine, wa miti mirefu na mbega wanaorukaruka juu ya kichwa, na mvua ya mchana ni karibu hakika, kwa hiyo saa ya kugeuka iwe mapema zaidi. Njia za ndani ya msitu hupoteza watu. Mara ya kwanza chukua mwongozaji pale ofisini, umwombe mtembee kimya. Wanaelewa.

Ukifika nyumbani

Vua viatu nje, jivu lile likiingia ndani utalifagia wiki nzima. Oga maji ya moto. Kula chakula kizito. Usifungue jumbe za kazi hadi kesho yake, hata kama ni moja tu ya kuangalia. Kata ule mstari wa tatu wa daftari, ubandike mahali utakapouona Jumatatu asubuhi. Mimi wangu hukaa ndani ya mlango wa kabati la vikombe.

Lakini kabla ya yote hayo, ukiwa bado mlangoni na begi mgongoni, mpigie yule mtu wako.

“Dada, nimefika.”

“Na kichwa?”

“Kimeshuka na mimi. Njoo tunywe chai.”